Ukiulizwa kuhusu mionzi, unapimwa nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa wa saratani wanaopata mionzi, ndugu wanaowasindikiza, na wauguzi wenzangu waliokabidhiwa rundo la madodoso, yaani karatasi za maswali kuhusu hali ya mgonjwa, bila kuelezwa ni ya nini. Mimi ni muuguzi. Nimekaa zaidi na kina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka kwao. Aliyechomwa mionzi ya koo au ya titi atabadilisha dalili tu. Utaratibu ni uleule.

Hali ya mgonjwa si inaonekana kwenye damu na picha? Kwa nini iulizwe tena?

Picha inaonyesha uvimbe umesinyaa. Damu inaonyesha wingi wa chembe. Lakini hakuna picha inayoonyesha kwamba mtu aliamka mara sita usiku kwenda choo cha nje, au kwamba ameacha kwenda msibani na harusini kwa sababu anaogopa kuchafuka mbele za watu. Chombo pekee kinachoyajua hayo ni mgonjwa mwenyewe.

Kuuliza kunageuka kuwa kipimo pale swali linapokuwa lilelile, kwa maneno yaleyale, likihusu siku zilezile zilizopita, na majibu yake yakiwa na ngazi zinazojulikana. Ni kama kibaba cha dukani. Muuzaji akibadilisha kopo kila anapokuhudumia, hutajua kama mchele wa leo umezidi wa jana. Ukiulizwa "unaharisha?" Jumatatu, kisha "tumbo linakusumbua?" Ijumaa, majibu hayo mawili huwezi kuyaweka kwenye mizani moja.

Kwa nini daktari asiniulize tu "unaendeleaje"?

Anauliza, na anauliza kwa nia njema. Shida ni kwamba kwetu swali hilo ni salamu, na salamu ina jibu lake.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Za tangu juzi?"
"Nzuri tu, namshukuru Mungu."
"Mionzi inaendaje?"
"Tunaendelea vizuri."

Mazungumzo haya nimeyafanya mara zisizohesabika, na mama huyohuyo, nilipofika kwenye swali la dodoso kuhusu kuhara wiki iliyopita, akanyamaza kidogo, akatazama mlango, akasema jana amekwenda mara nane. Hakuwa amenidanganya. Alinijibu salamu kama alivyofundwa. Mtu mzima haanzi kumwaga shida kabla hajasema ni mzima. Hata mwenye homa kali huanza na "sijambo" ndipo aseme "ila". Kazi ya dodoso ni kutufikisha kwenye hilo "ila" kila wiki, kwa kila mgonjwa, hata siku ambayo foleni imefika getini na daktari ana dakika tano.

Wala si sisi tu. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walichapisha kazi iliyolinganisha maneno ya wagonjwa 1,090 na yale ambayo madaktari wao walikuwa wameandika kwenye kumbukumbu za majaribio ya dawa za saratani. Waliangalia dalili sita: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, choo kigumu, kuhara na kunyonyoka nywele. Kati ya wagonjwa waliosema wanayo dalili fulani, wale ambao daktari hakuwaandikia dalili hiyo walikuwa kati ya asilimia 40.7 na 74.4, kutegemea dalili yenyewe. Kunyonyoka nywele ni jambo la kuonekana kwa macho, nalo lilikosa kuandikwa. Sasa fikiria kuwashwa ukeni.

Mionzi inafanya nini mwilini mpaka kuwe na mengi ya kuuliza?

Kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea kidogo, utaratibu wa kawaida ni mionzi ya nje mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, jumla grei 45 hadi 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Wengi hupewa pia dripu ya sisiplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki. Kisha inafuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi kinaingizwa kupitia ukeni hadi karibu kabisa na uvimbe.

Mionzi haichagui. Ngozi laini ya ndani ya utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, na mionzi inazuia kujitengeneza huko. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu anaweza kusema "mbona hakuna kitu?", halafu wiki ya pili au ya tatu tumbo likaanza kusokota na kuhara. Kibofu nacho kinawaka, mkojo unachoma. Uchovu unaingia, na si uchovu wa kulima. Huu haumalizwi na usingizi. Dalili hizi hufikia kilele karibu na mwisho wa tiba na wiki moja au mbili baada yake, kisha kwa wengi hupungua taratibu.

Kuna kundi la pili linalokuja kwa kuchelewa, kuanzia miezi mitatu baada ya tiba hadi miaka kadhaa. Mishipa midogo ya damu inaharibika na nyama inakuwa ngumu kama kovu. Hapo ndipo uke unapobana na kuwa mkavu, na damu inaweza kuonekana kwenye mkojo au kwenye choo kikubwa. Kundi hili ndilo linalopotea kwenye kumbukumbu zetu, kwa sababu mgonjwa amesharudi kwao Kigoma au Songea, na hakuna aliyemwambia kwamba kilichomtokea mwaka wa pili kina uhusiano na mionzi ya mwaka wa kwanza.

Dodoso lenyewe likoje?

Yapo mengi. Linalotumika zaidi kwa saratani duniani linaitwa QLQ-C30, kazi ya EORTC, shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani. Lilichapishwa mwaka 1993. Lina maswali 30. Matano ya mwanzo yanahusu nguvu za mwili kwa ujumla: kubeba kitu kizito, kutembea mbali, kutembea karibu, kukaa kitandani au kwenye kiti mchana, kuhitaji msaada wa kula, kuvaa, kuoga au kwenda chooni. Mengine yanahusu wiki iliyopita. Maswali 28 yana ngazi nne za jibu, kuanzia 1, hapana kabisa, hadi 4, sana. Mawili ya mwisho yanakutaka upime afya yako yote na maisha yako yote kwa namba 1 hadi 7.

Juu ya hilo huongezwa kipande cha ugonjwa husika. Cha shingo ya kizazi kinaitwa CX24, na kina maswali 24 kuhusu choo, mkojo, uke, mwonekano wa mwili na tendo la ndoa. Wa kichwa na shingo wana chao kinachouliza juu ya mate kukauka, kumeza na sauti. Wamarekani nao, kupitia taasisi yao ya taifa ya saratani, wana hazina ya maswali iitwayo PRO-CTCAE: dalili 78, maswali 124. Huulizwi yote. Kituo kinachota yale yanayohusu tiba yako.

Hapa Afrika tuna kipimo chetu kifupi cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kiitwacho APCA POS. Kina maswali 10, saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza. Nakipenda kwa sababu kinauliza mambo ambayo madodoso mengi ya Ulaya yanayapita, kama mtu ana amani moyoni, na kama ameweza kushirikisha wengine yanayomsibu. Nitakirudia hapo chini.

Alama zinahesabiwaje? Nimeona "56" kwenye faili langu.

Inategemea ni 56 ya nini, na hapa hata wahudumu hujichanganya. Majibu ya QLQ-C30 yanageuzwa yakae kati ya 0 na 100. Kwenye upande wa nguvu na uwezo, alama kubwa ni nzuri. Kwenye upande wa dalili, alama kubwa ni mbaya. Mtu mwenye 90 ya nguvu za mwili yuko vizuri. Mwenye 90 ya maumivu anateseka.

Chukua uchovu. Unapimwa kwa maswali matatu. Tuseme mama kabla ya mionzi alijibu 1, 2 na 1. Wastani ni 1.33. Toa 1, gawa kwa 3, zidisha kwa 100, unapata 11. Wiki ya nne akajibu 2, 3 na 3. Wastani 2.67, na ukifanya hesabu ileile unapata 56. Ametoka 11 hadi 56, ameongezeka alama 45.

Je, 45 ni nyingi? Utafiti wa mwaka 1998 uliwauliza wagonjwa wenyewe wanahisi mabadiliko kiasi gani, kisha ukalinganisha na alama zao. Mabadiliko ya alama 5 hadi 10 wagonjwa waliyaita madogo, 10 hadi 20 ya wastani, zaidi ya 20 makubwa. Kwa hiyo mama huyu amechoka sana kuliko alivyokuja, na mtu anapaswa kukaa naye leo kuuliza kama damu imeshuka, kama anakula, kama analala. Anaweza pia kuwa anatembea kilomita tatu hadi kituo cha daladala kila alfajiri.

Ona kwamba bila lile dodoso la kwanza, la kabla ya mionzi, 56 isingetuambia kitu. Wagonjwa wengi wanafika wakiwa wameshadhoofika kwa kutoka damu kwa miezi, na baadhi wanaishi na virusi vya UKIMWI na wanatumia dawa zake. Tusipopima mwanzo tutaisingizia mionzi mambo isiyoyafanya, au tutaiondolea lawama inayoistahili.

Lipo kwa Kiswahili?

QLQ-C30 ipo kwa Kiswahili, na imejaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya. Huruhusiwi kujitafsiria tu. Tafsiri inafanywa na watu wawili kila mmoja peke yake, inaunganishwa, inarudishwa kwenye Kiingereza na watu wengine ambao hawajaiona ya mwanzo, kisha inasomwa na kikundi cha wagonjwa wanaoulizwa: hapa umeelewa nini?

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uhai. Swali la kwanza kabisa linatoa mfano wa kubeba mfuko mzito wa manunuzi au sanduku la safari. Bibi wa Rufiji hana sanduku la safari. Anabeba ndoo ya lita ishirini kichwani na kuni mgongoni, na ukimuuliza habari ya sanduku atakujibu hapana, hana shida, maana hajawahi kulibeba. Mwenye kuhoji hapaswi kubadilisha swali lililoandikwa, lakini anapaswa kujua hapo panateleza, na kuandika pembeni jinsi mgonjwa alivyolielewa.

Maneno ya hisia ni magumu zaidi. "Umesononeka?" mtu wa Unguja analielewa vizuri, lakini nimemwona mama kutoka bara akiliona neno la kitabuni. "Moyo umekuwa mzito?" linawaingia wengi. Na neno uchovu wapo wanaolikataa kabisa, kwa sababu kuchoka ni kwa aliyefanya kazi, na wao wanasema hawafanyi kazi yoyote siku hizi. Hao husema "mwili hauna nguvu" au "nimelegea".

Mama yangu hajui kusoma. Ataachwa?

Asiachwe. Anasomewa. Msomaji asome kama palivyoandikwa, bila kusaidia jibu, bila kusema "si umeharisha kidogo tu?" Na mahali pawe pa faragha. Nimeona dodoso la kina mama likisomwa kwenye benchi la korido, wanaume wa tezi dume wakiwa wamekaa mkono huu na mkono huu. Majibu yote yalikuwa hapana. Karatasi ile ilijazwa vizuri kuliko zote na haikuwa na thamani yoyote.

Hapa ndipo APCA POS inapofaa. Majibu yake ni 0 hadi 5, na mgonjwa anaweza kujibu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni sifuri, kiganja kilichofunguka vidole vyote ni tano. Nimeona bibi aliyeshindwa kuongea kwa vidonda vya mdomoni akinyoosha vidole vinne kuhusu maumivu, kisha akaongeza cha tano alipoona nataka kuandika.

Umri na jinsia ya anayeuliza vina uzito. Mama mtu mzima kumwelezea kijana wa kiume mwenye umri wa mwanawe habari za ukeni ni kumtweza, hata kijana awe na adabu kiasi gani. Kituo kikiwa na nesi wa makamo, kazi hii apewe yeye.

Maswali ya tendo la ndoa ni lazima kujibu?

Si lazima. Unaweza kuruka swali lolote na hakuna tiba utakayonyimwa. Ila naomba usiruke kwa kudhani haiwahusu madaktari. Inawahusu sana. Mionzi ya nyonga inakausha na kubana uke, na zipo njia za kupunguza hilo: vilainishi, dawa za kupaka zenye homoni pale daktari anaporuhusu, na vifaa vya kutanulia vinavyotumiwa baada ya tiba kwa maelekezo. Visiposemwa mapema kovu linakomaa, na baadaye hata daktari anashindwa kukupima vizuri kuona kama ugonjwa umerudi.

Kuna jambo la kitaalamu ningependa wauguzi walishike. Kwenye CX24, maswali ya mwisho kuhusu ukavu, uke kuwa mfupi, uke kubana na maumivu wakati wa tendo hujibiwa na waliokutana na wenzi wao katika wiki nne zilizopita tu. Mama aliyeacha kabisa kwa sababu ya maumivu anaruka sehemu hiyo, na kwenye jumla anapotea. Kituo kinaweza kuona wastani mzuri wakati walioumia zaidi hawamo. Ndiyo maana lile swali la kabla yake, kama umekuwa na hofu kwamba tendo litauma, ambalo halina sharti hilo, linastahili kuangaliwa peke yake. Na swali ambalo halipo kwenye karatasi, kama mume bado yupo nyumbani, liulizwe kwa mdomo na kwa upole. Ndoa nyingi huvunjika katika kipindi hiki. Wengine wameambiwa mtaani kwamba mwanamke aliyechomwa mionzi anaambukiza mionzi. Haambukizi. Ya nje inakwisha mashine inapozimwa, na ya ndani chanzo chake kinatolewa kabla hujatoka chumbani.

Nikisema naharisha sana, si watanisimamishia mionzi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa kunong'onezwa, na ndilo linalonisukuma kuandika ukurasa huu. Mtu ametoka mkoani, ameuza ng'ombe au ameweka shamba rehani, amepanga chumba au analala kwa ndugu, amesubiri zamu wiki kadhaa. Anaona akisema ukweli zamu itaondoka. Kwa hiyo anabana.

Hesabu iko kinyume na hofu hiyo. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8, yaani siku 56. Ikipita hapo, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unapungua kwa kadiri ya nusu asilimia hadi asilimia 1 kwa kila siku inayozidi, kwa sababu chembe za saratani zilizobaki zinaanza kuzaana haraka. Kila mtu kwenye timu analijua hilo na hataki kukusimamisha.

Anayesema siku ya kwanza, alipoanza kwenda choo mara tatu nne zaidi ya kawaida yake, anapewa dawa ya kupunguza kuhara baada ya kuhakikisha hana maambukizi, anaelezwa anywe maji ya chumvichumvi, apunguze maziwa na maharage kwa muda, na kesho yake anapanda kwenye mashine. Aliyebana anakuja siku ya kumi akiwa amekaukiwa maji, figo zimeguswa, sisiplatini haiwezi kutolewa, analazwa, na hapo ndipo mionzi inasimama. Madaktari wanahesabu kuhara kwa ngazi: chini ya mara 4 zaidi ya kawaida yako kwa siku ni ngazi ya kwanza, 4 hadi 6 ni ya pili, 7 na kuendelea ni ya tatu. Ngazi ya kwanza na ya pili ndizo zinazotibika bila kupoteza siku. Ukibana unazipita hizo mbili kimyakimya.

Niulizwe lini na mara ngapi?

Kabla ya kuanza, kila wiki wakati wa mionzi, siku ya kumaliza, miezi mitatu baadaye, kisha kila unaporudi kliniki, hata mwaka wa tatu na wa tano. Dodoso refu la wiki halihitajiki. Maswali matano au sita ya dalili yanatosha kila Jumatatu, lile refu libaki kwa mwanzo, mwisho na kliniki.

Kuuliza mara moja tu, siku ya kumaliza, kunatoa picha mbili za uongo. Mtu anayemaliza ana furaha, na furaha inapaka rangi kila jibu. Halafu pia binadamu anazoea. Aliyeishi na kuhara wiki nne ataita "kidogo" kile ambacho wiki ya kwanza angekiita "sana".

Binti yangu anaweza kujibu kwa niaba yangu?

Ukiwa hujiwezi kabisa, ndiyo, na iandikwe kwamba kajibu yeye. Vinginevyo hapana. Ndugu huona vizuri vinavyoonekana, kama kutapika au kushindwa kutembea. Yaliyo moyoni na maumivu hukosea, mara nyingi kwa kuyakuza, kwa sababu anayakadiria kwa uchungu wake mwenyewe.

Na foleni, nauli, mashine kuharibika? Hayo yanapimwa?

Hapa tunahama kutoka hali ya mwili kwenda kwenye ulivyohudumiwa. Ni kipimo kingine, na visichanganywe. Unaweza kuwa umehudumiwa kwa heshima kubwa na bado unaharisha, au umepona huku umetukanwa. England wanawauliza wagonjwa wa saratani jinsi walivyohudumiwa tangu mwaka 2010, kwa uchunguzi wa taifa zima. Kama ulielezwa ukaelewa. Kama ulijua umpigie nani ukizidiwa.

Dodoso la Ulaya likiletwa hapa bila kuguswa linaacha nje mambo makubwa kuliko yote. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, iliharibika, na zaidi ya mwaka ulipita kabla ya nyingine kufungwa. Waliokuwa katikati ya vipindi vyao waliachwa na siku zinahesabika. Kwa ukanda wetu ningetaka kila dodoso liulize: ni siku ngapi ulifika ukarudi bila kupata mionzi, na kwa sababu gani? Umelala wapi? Nauli umeitoa wapi? QLQ-C30 ina swali moja tu la fedha, kama ugonjwa au tiba vimekuletea matatizo ya kifedha. Kwa watu wetu jibu ni "sana" karibu kwa kila mtu, na swali ambalo wote wanajibu sawa haliwezi kukuonyesha ni nani atakayetoroka wiki ijayo kwa kukosa nauli.

Kuna jambo dogo pia ambalo lingepimika kesho. Wagonjwa wa nyonga huambiwa wanywe maji wasikojoe, ili kibofu kikijaa kiusukume utumbo mbali na mionzi. Kisha foleni inachelewa saa moja na nusu. Mama ambaye kibofu chake kinachoma anakaa pale amebana miguu, anatokwa jasho, mwisho anashindwa, anakwenda kukojoa, na zamu inapofika anaanza upya. Swali moja, "leo ulisubiri muda gani baada ya kunywa maji?", lingepanga foleni vizuri kuliko vikao vingi.

Kuna ushahidi kwamba kuuliza kunasaidia, au ni karatasi tu?

Upo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, uliwagawa kwa kura wagonjwa 766 waliokuwa kwenye dawa za saratani iliyosambaa. Kundi moja lilijibu maswali ya dalili mara kwa mara kwenye kompyuta na wauguzi wakapata taarifa dalili ilipozidi. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 31.2 kwa walioulizwa na 26.0 kwa wengine. Hao walikuwa wa dawa, si wa mionzi, kwa hiyo siwezi kukuahidi miezi hiyo. Lakini kilichofanyika pale, nesi kupata habari mapema na kupiga simu, kinawezekana mahali popote penye simu.

Kwa mionzi yenyewe, majibu ya wagonjwa yamesaidia kuchagua namna ya kuchoma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mionzi ya kawaida ya pande nne na ile inayofinyangwa na kompyuta ifuate umbo la sehemu inayotibiwa, kwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi na ya mji wa mimba. Mwishoni mwa tiba, waliosema wanaharisha mara nyingi au karibu muda wote walikuwa asilimia 51.9 kwa mionzi ya kawaida na 33.7 kwa ile ya kufinyangwa. Tofauti hiyo imetoka midomoni mwa wanawake wenyewe.

Karatasi inakuwa karatasi tu pale inapojazwa na kufungiwa kabatini. Nimefanya kazi mahali palipokuwa na maboksi ya madodoso yaliyojazwa ambayo hakuna daktari aliyeyafungua. Mama ameandika "sana" kwenye kila dalili, na Jumatatu akaulizwa "unaendeleaje?" kana kwamba hakusema kitu. Hapo tumemkosea mara mbili. Kituo kisichokuwa na mtu wa kusoma majibu siku hiyohiyo kisianze kuuliza mpaka kimpate.

Nani ataona majibu yangu?

Yakiwa ya tiba, yanakaa kwenye faili lako na wanayaona wanaokutibu. Yakiwa ya utafiti, lazima uelezwe kwanza, utie saini au dole gumba, na jina lako litolewe kabla ya hesabu. Una haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili, na kujitoa kwenye utafiti bila kupoteza kipindi hata kimoja cha mionzi.

Hospitali yangu hainiulizi chochote. Nifanyeje?

Nunua daftari dogo la shule. Kila jioni andika, au mtoto akuandikie, mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: choo mara ngapi mchana na usiku, mkojo unachoma au la, damu ipo au la, umekula nini, umelala vipi, maumivu vidole vingapi kati ya vitano. Anza siku moja kabla ya mionzi ya kwanza ili ijulikane kawaida yako. Ukifika, usingoje siku ya daktari. Mtaalamu anayekupandisha kwenye mashine unamwona kila siku, na yeye anaweza kukupeleka kwa nesi asubuhi hiyohiyo. Salimiana naye vizuri, kisha kabla hujapanda mpe daftari mkononi, limefunguliwa ukurasa wa jana:

"Kipindi cha 13. Choo mara 6, usiku 2. Mkojo unachoma. Damu hakuna. Nimekula uji na ndizi moja. Usingizi wa kukatika. Maumivu vidole vitatu."